Mjomba si mzazi: barua ya wazi kutoka saiba moja ya Majengo

Kwenu Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Waziri wa Elimu, na nyinyi wa idara ya mambo ya diaspora kule Nairobi,

Assalaam aleikum waheshimiwa, na poleni na kazi.

Mimi ni mama wa saiba. Niko Majengo, chumba kimoja, kompyuta sita na hiyo ya sita haiwaki mpaka uipige kofi ubavuni, printa moja, mashine ya laminesheni, na feni ambayo kelele zake zimeshinda upepo wake. Mwaka wa kumi na moja huu niko nyuma ya meza ileile. Ukitaka KUCCPS, kule kunakoombwa nafasi za vyuo vya hapa Kenya, nakufanyia, ushuru wa KRA nakufailia, kitambulisho nakutolea kopi mbele na nyuma shilingi kumi. Sijasoma nje mimi, nlimaliza fomu foo nikafanya kozi ya kompyuta miezi sita bas nikaolewa, lakini fomu za viza ya masomo nlizojaza kwa vidole hivi wallahi nshaacha kuzihesabu, na sijaona hata siku moja mtu wa serikali, awe wa kaunti awe wa Nairobi, akikaa na hawa watoto akawaeleza japo sentensi mbili. Wanakuja kwangu. Wanalipa hamsini kwa saa na kwa hiyo hamsini wanataka mashine, intaneti na mtu wa kuwaambia ukweli.

Nawaandikia manake nimechoka kuprinti barua za kukataliwa.

Nianze na hii moja, ndo iliyoniuma zaidi. Msichana wa mtaa huu, KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alipata A-, amelelewa na mamake peke yake, mama anapika mahamri na mbaazi asubuhi, jioni anakaanga viazi karai. Mtoto akapata nafasi chuo kimoja Uingereza, na chuo chenyewe ni cha kweli, nimekitafuta mwenyewe nikakiona. Mjomba wake ana duka la jumla Kongowea, mchele na unga, mtu ana nafasi yake, akasema huyu mpwa wangu ntamsomesha mimi mpaka mwisho. Na kwetu si mwajua, mjomba akishatamka neno kama hilo mbele ya wazee limekwisha, hakuna karatasi inayotiwa sahihi. Wakaenda kwa ajenti mjini, ofisi ya vioo na kiyoyozi, akawatoza elfu themanini na tano ati sevisi chaji, akaangalia steitimenti ya benki ya mjomba akasema sawa, pesa ni pesa.

Pesa si pesa. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka hela za matumizi ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi anayetambulika kisheria, na zikae humo siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo, babu hayumo, kaka mkubwa aliyeko Dubai anayetuma kila mwisho wa mwezi naye hayumo. Imeandikwa waziwazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure, nimeisoma mimi na Kiingereza changu hiki cha fomu foo. Barua ya kukataliwa ikaja kwa imeili, nikaiprinti, nikamsomea mamake palepale amesimama na ndoo yake ya mahamri mkononi, na swali aliloniuliza sijapata jibu lake mpaka leo: kwani mwanangu, huko kwao mjomba si mzazi?

Ada ya viza, pauni 524 wakati ule, haikurudi. Cheti cha TB walichokifuata Nairobi, manake Mkenya anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu kwenye kliniki waliyoikubali wao, hicho nacho kinaishi miezi 6 tu alafu kimekufa. Ya ajenti ndo usiulize kabisa. Alimwambia mtoto ni bahati mbaya tu, jaribu ya Januari, kama mtu aliyekosa matatu na nyengine iko nyuma yaja.

Na si yeye peke yake. Kijana wa Kisauni alikataliwa kwa sababu ajenti wake alikuwa anatumia karatasi ya zamani. Hadi mwisho wa 2024 anayesoma nje ya London alitakiwa aonyeshe pauni 1,023 za matumizi kwa mwezi, hadi miezi 9, yaani 9,207. Kufika tarehe 2 Januari 2025 ikapanda, 1,136 kwa mwezi, miezi 9 ikawa 10,224, zaidi ya milioni moja na nusu za kwetu na karo bado haijaguswa. Babake aliuza ploti Mtwapa, akaweka kama ile karatasi ilivyosema na juu yake akaongeza kidogo kwa usalama, akijua amevuka. Alipungukiwa kama pauni mia nane. Ploti ishajengwa na mwenyewe, naipita kila nikienda kwa dadangu.

Haya ndo mambo yenyewe waheshimiwa, hakuna siri hapa, ni sheria tu zinazobadilika na hakuna wa kuzifuatilia. Wajerumani wana akaunti yao ya kufungia pesa, euro 11,904 za mwaka mzima unaziweka kabla hujaenda, ukifika wanakutolea 992 kwa mwezi kama mtoto anayepewa pesa ya barafu, lakini ajabu ni kwamba vyuo vyao vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg wanawatoza wageni wasiotoka Ulaya euro 1,500 kila muhula. Hili nani amewaambia watoto wa Changamwe na Likoni? Kanada ilikuwa dola zao 10,000 za matumizi, 2024 ilipoingia tu ikaruka mpaka 20,635. Marekani kabla hata hujaonana na mtu ushatoa dola 350 za SEVIS, yaani za kuandikishwa kwenye orodha yao ya wanafunzi wageni, na 185 za viza, hazirudi, na mwisho wa Mei 2025 wakasimamisha miadi mipya ya intavyuu za wanafunzi, wakaja kufungua Juni na sharti kwamba akaunti zako za mitandao ziwe wazi wazikague. Wiki ile nlikuwa na wasichana wawili wamekaa hapa kutwa nzima wakifuta picha za harusi, nikawaambia nyinyi watoto, Wamarekani hawana shida na lelemama zenu, lakini wapi.

Sasa ajenti. Hapa niseme kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, na mimi nlikijua baada ya miaka. Ajenti analipwa na chuo. Mtoto akiingia darasani, chuo kinamtumia kamisheni, asilimia fulani ya karo ya mwaka wa kwanza. Si haramu, ni biashara, dalali wa nyumba pia anaishi hivyo. Lakini dalali anayechukua kwa mwenye nyumba alafu akachukua tena kwa mpangaji, na kila mmoja akamficha mwenzake, huyo mwajua anaitwaje. Ndo mana utamwona mtoto anataka famasia anasukumwa kwenye hoteli na utalii, si kwamba alama hazitoshi, ni chuo kile ndo kinacholipa vizuri. Wako maajenti wazuri, nawajua wawili watatu, mmoja alirudisha pesa ya mtu hapa hapa nikiona kwa macho. Lakini anayetaka kumpeleka dada yako Saudia kufanya kazi za nyumba lazima asajiliwe na National Employment Authority, jina lake unalitafuta onlaini ukaliona ama ukalikosa. Huyu wa masomo mimi sijaona anaulizwa nini zaidi ya leseni ya biashara ya kaunti, ileile ninayolipia mimi na ninayodaiwa kila mwaka kwa makelele. Anashika pasipoti za watu, anashika malaki ya watu, na bango lake lina picha ya daraja la London, bas yatosha.

Kuna mengine si wizi ni kuudhi tu. Mtoto ana B+ ya Kiingereza kwenye KCSE, anapelekwa darasa la IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, miezi mitatu analipa, na mtihani wenyewe analipa, na kumbe viko vyuo vya Uingereza vinavyokubali gredi ya KCSE ikiwa ni nzuri, ungewaandikia imeili moja tu wakakujibu. UCAS, kule kunakoombwa nafasi za digrii ya kwanza Uingereza, mtu anajisajili mwenyewe, hakuna mlango wa maajenti na mlango wa wasio na maajenti. Na lile neno lao tamu, ati utafanya kazi ulipe karo. Masaa 20 kwa wiki ndo Mwingereza anayomruhusu mwanafunzi wa digrii wakati wa masomo, basi. Masaa 20 ya kuosha vyombo hayalipi karo ya mgeni, labda yalipe chumba na chapati. Mtoto anaenda akiamini, anafika, Novemba anampigia mamake usiku analia na baridi, na mamake anakuja kwangu asubuhi kuuliza kama kuna fomu ya kujaza.

Wizi nao upo. Wiki moja nliprinti barua tatu za ofa, watoto watatu hawajuani, mmoja Tudor, mmoja Likoni, mmoja Mikindani, na barua zote tatu zina namba moja ya mwanafunzi. Nlidhani ni macho yangu. Tukawaandikia chuo chenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile iliyo kwenye barua, siku ya pili wakajibu kwa upole kabisa kwamba hawana mwanafunzi huyo na hawajawahi kuwa naye. Yule wa Likoni alikuwa ashalipa laki na ishirini. Namba ya ajenti, mteja hapatikani. Alienda kuripoti, akaambiwa alete ushahidi, ushahidi ni risiti ya kitabu cha dukani isiyo na muhuri. Mimi kazi yangu ilikuwa dakika nne na imeili moja. Kwa nini niwe mimi?

Alafu Nairobi. Hamuioni hii nyinyi mlioko kule lakini sisi kila kitu ni Nairobi. Intavyuu ya Marekani Gigiri. Kipimo cha TB Nairobi. Umerudi na digrii yako ya nje unataka itambuliwe, tume ya vyuo vikuu, CUE, nayo iko Gigiri. Treni ilikuwa elfu moja, tangu Januari 2024 ni elfu moja na mia tano kwenda, na kurudi ni hivyo hivyo, na msichana wa miaka kumi na nane hatoki peke yake kwetu, yuko na mamake ama kakake, kwa hiyo zidisha mara mbili, weka kulala, weka teksi ya asubuhi, kwa intavyuu ya dakika tatu kwenye dirisha la kioo. India wao wana ofisi yao ya ubalozi hapa hapa Mombasa, na uangalie mtaa mzima huu waliosoma nje, nusu ni India. Watu wanasema ati kwa sababu India ni rahisi. Ni rahisi ndio, lakini pia mlango wao unaufikia kwa miguu.

Majina sasa, manake huku Pwani ni balaa lake peke yake. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatma, kitambulisho Fatuma, KCSE Fatima na mamake kwenye cheti ni Mwanasha lakini kitambulisho chake ni Aisha. Kwetu ni mtu mmoja, hata bibi yake anamwita kwa yote matatu. Kwa afisa wa viza ni watu watatu wanaotumia pasipoti moja. Tunazunguka kwa wakili kula kiapo, tunazunguka kubadilisha, na msimu unaenda. Na kijana mmoja alipoenda kuchukua kitambulisho ofisi moja walimwambia alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu yake alizaliwa bendera ya Sultani ikipepea Fort Jesus, akatolewe cheti na nani? Alipokipata kitambulisho nafasi ya chuo ilikuwa ishapewa mtu. Sitaki kulirefusha hili, linanipandisha presha.

Lakini la Sudan lazima niliseme. Watoto wetu wa madrasa wana njia zao za kusoma nje za tangu zamani, na ni njia za heshima, Madina kule chuo chao kipo tangu 1961, Al-Azhar Misri, na Khartoum. Khartoum ilikuwa karibu, ilikuwa nafuu, mtu alisoma sheria, Kiarabu, udaktari. Tarehe 15 Aprili 2023, tukiwa kwenye Ramadhani, vita vikaanza. Orodha ya kwanza ya watoto wa mtaa huu walioko kule nliitaipu mimi, usiku baada ya taraweh, wazazi wakinisomea majina kutoka kwa simu zao, na hakuna aliyekuwa na uhakika mwana wake yuko upande gani wa mto. Serikali iliwarudisha watu, hilo nashukuru na sitalificha, nliona wazazi wakisujudu. Ila walipotua ndo ikawa mwisho wa habari. Mtoto wa jirani yangu alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari. Alirudi na begi la mgongoni na chaja. Chuo chake kimefungwa na vita, matokeo yake hayatoki, na huku kila anapobisha hodi wanataka matokeo yenye muhuri. Leo anaendesha tuktuk Buxton, na abiria akipiga chafya anamtajia dawa. Kabla yake walikuwa wale karibu mia waliokwama Wuhan, Uchina, korona ilipoanza mwanzo wa 2020, kisha wale wa vita vya Ukraine 2022. Kila mara swali ni lilelile, wako wangapi, wako wapi, nani ana namba zao, na kila mara jibu linatafutwa siku moto ushawaka.

Nitawakumbusha kisa kimoja ambacho nyinyi mnakijua, na Gavana wetu anakijua zaidi kuliko mimi. Pale Tudor, barabara ya Tom Mboya, chuo kikuu cha ufundi tunachokiita TUM leo, zamani kilikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu. Ali Mazrui, yule profesa mashuhuri, alikuwa karani mle. Alizaliwa hapa 1933, mtihani wake wa Cambridge alipata daraja la tatu, Makerere haikumchukua, akawa karani. Siku ya Maulidi akasimama kuhutubia, na gavana wa mkoloni, Philip Mitchell, alikuwepo, akamsikia, akaona huyu kijana ana kitu. Mwisho wa yote ikapatikana skolashipu, 1955 akaenda Huddersfield kumalizia sekondari, kutoka hapo Manchester, Columbia, Oxford, mpaka dunia nzima ikamjua, na alipofariki 2014 akaletwa kuzikwa hapa nyumbani. Watu hukitaja kisa hiki kama sifa ya Mombasa. Mimi huwa kinanitia uchungu kidogo. Manake ingekuwaje gavana angeumwa na kichwa siku ile asije? Na Mboya huyo mwenye barabara, 1959 alipeleka Marekani ndege nzima ya wanafunzi, 81, na yeye hakungoja kumsikia mmoja mmoja akihutubia, alikaa akapanga, akatafuta vyuo, akatafuta nauli, akawa na orodha. Hiyo ndo tofauti ninayoisema. Huwezi kumweka kila mtoto wa Majengo mbele ya gavana siku ya Maulidi.

Kwa hiyo nataka nini. Sitaki mfuko. Naomba mnisikie vizuri hapa, sitaki kaunti ianzishe mpango wa kupeleka watoto nje kwa pesa za wazazi, tuliona Uasin Gishu na mambo ya Finland na Kanada, wazazi wameweka pesa kwa akaunti, 2023 wako barabarani Eldoret wanaandamana kudai pesa zao na watoto wako nyumbani, wengine washafika kule na karo haijalipwa. Serikali ikishika pesa ya mtu mlango wa matatizo ushafunguliwa. Msishike hata shilingi.

Nataka meza. Huduma Centre pale Posta, Digo Road, madirisha yapo, watu washapajua, ongezeni dirisha moja tu la masomo ya nje na mkae mtu mmoja ama wawili wanaojua hii kazi na wanaolipwa kuijua. Mtu nikiwa na barua ya ofa naenda naiweka pale, wanaandikia chuo, kesho naambiwa ni ya kweli ama si ya kweli. Pesa ngapi, kwa akaunti ya nani, siku ngapi, kwa kila nchi, iandikwe kwa Kiswahili ibandikwe ukutani na ibadilishwe inapobadilika, iandikwe na lile neno kwa herufi kubwa kwamba mjomba hahesabiki. Maajenti wajisajili, na kila ajenti aandike mbele ya mteja anacholipwa na chuo na anachotoza mzazi, anayetaka kuficha afunge. Na anayeondoka aache jina, chuo na namba ya mamake, kwa hiari yake, ili siku ya vita ama ya maradhi msije kunitafuta mimi na printa yangu usiku wa Ramadhani. Na dirisha lilelile limpokee anayerudi, manake aliyesoma udaktari nje akirudi ana mtihani wa baraza la madaktari kabla ya kuruhusiwa intanship, na wengi wanalijua hilo washamaliza miaka sita.

Waziri, lako ni dogo zaidi lakini ni zito. Skolashipu zipo. Hungary wanachukua Wakenya kila mwaka na maombi yanafungwa Januari, Chevening ya Waingereza inafunguliwa Agosti kwa wa masters walio na miaka miwili ya kazi, Wachina wapo, Waturuki wapo. Matangazo yanafika huku yamechacha, mtu anaforwadi kwa WhatsApp siku mbili kabla, mtoto anakuja mbio, rekomendesheni hana, mwalimu wake yuko likizo Taita, na mimi nakaa hapa mpaka saa sita usiku nikijaribu kubana pasipoti iwe chini ya megabaiti mbili. Pelekeni kwenye shule, Septemba, karatasi ibandikwe ubaoni, walimu wakuu waulizwe kama wameibandika. Sioni inagharimu nini zaidi ya wino, na bei ya wino naijua.

Mtasema mama wa saiba amejipa uwaziri. Haya. Lakini karibuni Majengo, nafungua saa mbili asubuhi nafunga saa tatu usiku, Ijumaa nafunga wakati wa sala, nina folda nyuma ya mlango yenye barua za kukataliwa ambazo wenyewe walizitupa sakafuni wakaondoka, mimi nikaziokota. Sitawaonyesha majina, ntaziba na kidole. Someni sababu tu.

Na yule msichana wa mahamri, mtaniuliza. Mamake hakuwahi kuwa na akaunti ya benki maisha yake yote, pesa yake ni M-Pesa na chama cha kina mama. Nlimsindikiza mwenyewe kufungua. Majina ya cheti na kitambulisho tumeyasawazisha, wakili alikula elfu tano. Mjomba amehamisha zile pesa zote kwa akaunti ya dadake, na alipobonyeza kutuma mkono ulimtetemeka, si kwa uchungu, ni kwamba duka sasa linaendeshwa kwa mkopo wa mchele mpaka siku zitimie. Mama ameapa hatagusa hata senti, juzi gesi ilimwishia akaja kukopa mia tatu kwangu na milioni ziko benki kwa jina lake. Nimebandika kalenda hapa ukutani juu ya printa, kila jioni mtoto anakuja kuweka alama kwa kalamu nyekundu kabla sijafunga. Leo tuko siku ya 19.

Wenu,
Mama wa saiba, Majengo, Mombasa